Sauti ya Mama Iliyobaki

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi, kile kifua kimemwachia? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, na mkono wa kulia umeanza kushika kikombe, ila maneno bado hayajarudi tangu apooze.

Nina habari mbaya, na niliyeisababisha ni mimi. Zile sauti za Mama ulizorekodi mwaka jana, akisimulia utoto wetu, nimezipoteza. Imebaki moja.

Unakumbuka mtaalamu wa matamshi alitaka Mama azisikilize, afuatishe maneno yake mwenyewe. Ulizituma, nami nikakuambia ufute zako upate nafasi kwenye simu, kwangu ziko salama. Majina ya faili yalikuwa vurugu tupu. Nikaandika skripti, yaani amri chache ambazo kompyuta huzifuata yenyewe, ichukue kila faili na kuihamishia kwenye folda iitwayo "mama". Folda hiyo sikuwa nimeitengeneza. Kompyuta haikuuliza. Ilichukulia kwamba "mama" ni jina jipya la faili, ikaipa kila moja jina hilo, na kila iliyokuja ikaifuta iliyotangulia. Nilipoona kimya, nikajua mambo safi.

Nikaipeleka kompyuta kwa fundi wa chumba chetu cha habari kazini, yule tunayemwita Waya. Alisoma skripti akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Dada mkubwa, umealika wageni wote ukawawekea kiti kimoja! Kila anayeingia anamkalia mwenzake. Haya, nakala nyingine iko wapi?"

Ilibidi nikiri kwamba hakuna. Mimi ambaye huwauliza wakubwa mbele ya kamera, "Faili zilipoteaje, na nani anawajibika?" bila kupepesa macho. Waya amejaribu kuzifufua, ameshindwa.

Iliyobaki ni ile anayokugombeza: "Wewe, zima hicho kidude! Hata nywele sijachana, unanirekodi nini? Ebo!"

Mama huisikiliza kila asubuhi. Midomo inahangaika, "zi... zi..." Ikiisha, ananyoosha kidole, anataka inayofuata. Mimi humwambia chaji imekwisha. Wiki nzima namdanganya mtu asiyeweza kunijibu, na naona haya hata kumtazama usoni.

Mwombe wifi apekue simu yake, huenda uliwahi kumrushia hata moja. Barua hii naipiga picha nikutumie leo hii kwa simu; kesho baada ya chai nitamwambia Mama mwenyewe, kwa hiyo usimpigie kabla. Ukitaka kunigombeza, nipigie mimi.

Nisalimie sana wifi na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awatunze huko mliko, na amrudishie Mama maneno, hata yakianza na yale ya kunikaripia. Nayastahili yote.

Dada yako akupendaye.