Jiwe Lako Chini ya Kilima cha Manga

Mpendwa Mama,

Migomba yako imezaa vizuri mwaka huu. Lakini leo nakuandikia kuhusu lile jiwe kubwa la chemchemi.

Nilipokuwa mdogo lilikuwa jiwe tu. Tulianika nguo juu yake. Kisha Kemunto, kitinda mimba wako, akafariki kwa homa, na kila Sabato baada ya ibada ukawa unateremka kwenda kukaa pale. Siku moja nilikufuata.

"Mama, mbona huombi kanisani?"

"Kanisani wananionea huruma," ukasema. "Hapa nalia, namaliza, naenda kupika."

Baadaye jirani yetu Bosibori alifiwa na mumewe, akaja kukaa kando yako. Hukumuuliza kitu, ulisogea tu. Wengine nao wakaja. Hakuna aliyetangaza lolote, Mama, ila watu waliacha kuanika nguo pale, na wachota maji wakaanza kupunguza sauti. Watoto waliozaliwa nyuma yetu wamekua wakidhani pamekuwa patakatifu tangu enzi za mababu.

Mwezi uliopita kaka Ombati alitaka kulipasua apate kokoto za kujengea nyumba. Vibarua walipofika wakaweka nyundo chini.

"Hapa mama zetu huomba," wakasema.

"Shamba ni letu, na hili ni jiwe!" Ombati akafoka.

Bosibori, ambaye siku hizi hutembea kwa mkongojo, akamsogelea. "Mwanangu, dada yako tulimzika kule nyumbani. Lakini hapa ndipo mama yako alipomwachilia."

Ombati hakujua. Miaka ile alikuwa shule ya bweni, nawe hukuwahi kumwambia. Akaniuliza polepole, "Alikuwa anakaa upande gani?"

Nikamwonyesha. Kokoto amezinunua kule Mosocho.

Sabato iliyopita niliteremka peke yangu. Wenzangu huenda pale kumtafuta Mungu. Mimi nilikwenda kukutafuta wewe, na sidhani kama Mungu alikasirika. Niliweka kiganja mahali ulipokuwa ukikaa. Palikuwa na joto la jua, nikajidanganya kidogo kwamba umeondoka sasa hivi.

Ndipo nikakuita kwa jina lako, Mama, lile jina ambalo sikuthubutu kulitamka ukiwa hai. Maji yaliendelea kutiririka. Nikaita tena.

Ni mimi binti yako, niliyebaki na hamu nawe,
Moraa