Beji ya Asteria

Jumatano, 14 Mei 2025

Kikao cha Mabinti wa Alizeti, kikundi chetu cha chuo. Nimetoka kichwa kinauma. Nelly, mwenyekiti wetu, kafungua katiba: aliyeacha chuo arudishe nembo. Maana yake Asteria. Arudishe beji ya ua na kitenge cha njano, apewe binti wa mwaka wa kwanza kabla ya mahafali. Na mtunza nembo ni nani? Mimi Justa, mpenda vyeo!

Nikasema Asteria hajaacha, ameahirisha ili ajifungue, Oktoba anarudi. Na hilo ua kalichora yeye mwenyewe, akikumbuka shamba la baba yake kule Didia. Nelly akasema kuchora si hoja. Wakapiga kura. Nimeshindwa.

Yaani nikamwambie nini? Ukimvua mtu beji umemwambia asirudi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempigia Asteria. Sauti imekauka, nadhani mafua. Nikasema Jumamosi nakuja. Njoo dada, akasema, nilijua mtakuja. Akakata. Hakuuliza kwa nini, nami sikusema — mwoga mkubwa. Nimenunua kofia ya mtoto, ya sufu. Mwanawe Wema ana miezi miwili na sijamwona hata kwa picha.

Ijumaa, 16 Mei

Kutwa nzima Nelly ananikumbusha beji. Nimesikia, mama!

Jumamosi, 17 Mei. Machimboni, ng'ambo ya Katoro

Wema amefariki.

Nimeshuka kwenye bodaboda nikaona turubai, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka. Nikajua. Na kofia iko mkobani, Mungu wangu! Degedege, Jumatano usiku, kabla hawajafika zahanati. Nilipopiga simu walikuwa ndio wametoka kuzika. Asteria alidhani nimepata habari.

Amejifunga khanga, beji kifuani. Kanikumbatia, kisha akachungulia nyuma yangu. Wenzetu wako wapi? Sisi wenyewe ndio tulioandika: msiba wa mmoja, wote wanakwenda, na sare. Nikajibu kwamba nimetangulia. Ulimi huu!

Kitenge hakipo, kimezikwa na mtoto. Mkwewe, Mama Ngusa, kanieleza kwamba sanda ilikuwepo, ila Mama Wema alitaka mtoto afunikwe kitambaa cha chuo juu yake. Mkwe hakupenda. Akamwambia hao wa chuo walishakusahau. Asteria akabisha: watakuja, mtawaona, njano tupu.

Nimelia mpaka wafiwa wakaanza kunibembeleza mimi.

Nikamwandikia Nelly. Kajibu baada ya muda mrefu. Amelia, nimpe Asteria pole nyingi. Lakini kikatiba si mwenzetu tena, na watu wana mitihani. Nisisahau beji.

Jumapili, 18 Mei

Leo wanaanua matanga. Asteria ameamka mapema, kaoga, kaifuta beji kwa pindo la khanga, kaipachika upya. Kaniuliza Oktoba atapata wapi kitenge kingine. Nikasema tutaona. Mume kasharudi shimoni kuchimba, yeye kulala halali, kula hali, na bado anaongelea Oktoba! Chuo ndicho kilichombakia. Nami nimetumwa kuja kukichukua.

Nimempigia Nelly nimsihi aje, hata na wawili tu. Hapokei. Nimemwandikia beji siirudishi, aje aivue mwenyewe.

Nimejificha nyuma ya jiko, naandika juu ya magoti. Huku nje wanawake wanapepeta mchele, wanaongea Kisukuma, nasikia tu neno chuo, chuo.

Mama Ngusa kaja hadi hapa. Leo mpole kuliko jana. Anasema mwanangu, mtusamehe, tuliwadhania vibaya. Anauliza wenzetu wanafika saa ngapi, na ni wangapi, aongeze mchele. Asteria amesimama nyuma yake, ananitazama —