Nesi Aliyejua Nani Hatakuja

Salehe mjukuu wangu,

Huna haya. Mwaka wa pili hujaja Dar kumwona mama yako, na mimi mwenye magoti mabovu nimefika. Anayeniandikia ni mpangaji mwenzake. Nimemwambia asilainishe neno.

Mama yako anakohoa tangu Ramadhani. Mwezi uliopita nesi aliingia uani kwetu hapa Kariakoo na daftari lake. Hakututisha na kifua kikuu. Alimwuliza kila mtu: unadhani ugonjwa huu unaweza kukupata? Kupigwa picha ya kifua kutakufaa nini? Nini kinakuzuia? Kisha akafunga daftari, akaniambia, "Bibi, wewe utakuja. Mwanao hatakuja."

"Umekuwa mpiga ramli?"

"Hapana, bibi. Amesema akionekana kwenye foleni yetu, hakuna atakayenunua vitumbua vyake."

Mama yako akainama. Kumbe anaogopa wateja kuliko kifua.

"Basi tutakwenda ua mzima," nikasema, "tuone watamkimbia nani." Alhamisi iliyofuata tulitoka wanawake kumi na mmoja, pamoja na muuza kahawa aliyedhani tunakwenda harusini.

Picha yangu ni safi. Ya mama yako ina doa. Ameanza sindano za kifua kikuu, na daktari anasema tumewahi. Vitumbua nakaanga mimi sasa. Vinaungua pembeni, na wateja wanachungulia tu.

Mungu akuweke, mume wangu mjinga. Ukija, fika asubuhi, ukae barazani karibu na mama yako, ule vitumbua vitatu watu wakuone.

Bibi yako