Mwavuli wa Mke wa Kocha

Mpendwa Bi Cordelia, nisaidie, maana hapa mjini sina wa kumwambia. Mume wangu Thurlow ni kocha wa mpira wa chuo, ule wa kukimbia nao kwapani na kuangushana, na katika miaka sita ya ndoa tumehama vyuo vitano, mkataba ni wa msimu mmoja mmoja, akishindwa tunafunga masanduku, na hapa Iowa ndipo mara ya kwanza nimepanda kabichi nikazila mwenyewe. Sasa sheria inamkataza kocha kusema hata neno mchezo ukianza, nahodha ndiye anayeamua kila kitu uwanjani, basi mume wangu akanikalisha mstari wa mbele na mwavuli, akishika kofia yake mimi niufungue, na nahodha akiuona umefunguliwa aupige mpira mbali kwa mguu, mwavuli ukiwa umefungwa wakimbie na mpira. Tukashinda kila mechi mpaka Jumamosi iliyopita. Vijana wamebakiza hatua mbili tu wafunge, mvua ikamwagika, watu wote wakafungua miavuli, mimi nimekaa nalowa chapachapa, ndipo mke wa mchungaji, Bi Tollefson, akasema, "Jamani, mama, utakufa na kichomi!" akaninyang'anya mwavuli wangu akanifungulia. Emil, nahodha wetu, akatazama, akasita, akaupiga mpira mbali. Tukafungwa.

Sasa mji mzima unamcheka Emil. Kinyozi kamwuliza mbele ya watu, "Nahodha, nikunyoe, au nywele nazo nizipige teke?" Baba yake hataki hata kula naye meza moja. Na Emil hajamtajia mtu habari ya mwavuli. Nilipomwambia mume wangu tuseme ukweli, akanijibu, "Unataka kuhama tena? Nyamaza, watasahau." Jumatatu wakubwa wa chuo wanakutana kuamua mkataba wake. Nimechoka kuhama, Bi Cordelia, lakini yule kijana kila tukikutana njiani bado ananivulia kofia. Nifanyeje?

Mke wa Kocha

*

Mke wa Kocha, pole. Kuhamahama ni mateso, na sikulaumu kuzipenda kabichi zako. Lakini hebu tusidanganyane, mama. Jibu unalo tangu Jumamosi, ulikuwa unatafuta mtu wa kukuambia ukae kimya. Mimi siye.

Majina nimeyabadili, ila mumeo akisoma atajijua. Mwekee gazeti hili kando ya kahawa yake. Aende mwenyewe kwa wakubwa wa chuo kabla ya Jumatatu, aseme kijana alitii amri ya kocha wake. Usimsemee, ni mtu mzima na ndevu zake. Akikataa, vaa koti uende kwa baba yake Emil, umweleze yote, na usiondoke mpaka uwaone wawili hao wameketi meza moja.

Huenda mkahama. Itauma, na utalia, na masanduku mnayajua. Ila huyo kijana ataishi hapo hapo, na watu hao hao, maisha yake yote.

Na mechi ijayo, popote mtakapokuwa, kaa nyuma na wenzako. Mvua ikinyesha, fungua mwavuli wako.

Bi Cordelia