Zimwi Lisilosimama

Oizumi, Nerima,
Tokyo.
14 Februari 2016

Mpendwa mdogo wangu Chizuru,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji Morio naye hajambo? Mgongo wako je, joto la Brazili limeutuliza? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mume wangu Teruo, na hilo tumeshalizoea kama mkwe mkorofi.

Kahawa uliyotutumia imefika. Teruo anainywa kwa kujificha, kana kwamba nitamnyang'anya. Asante sana.

Sasa nikupe habari ya msiba. Mzee Kurahashi, yule mwandishi wa vipindi vya mashujaa wa televisheni, ametutoka mwezi uliopita. Magazeti yamewasifu sana mashujaa wake. Juu ya mazimwi yake, kimya, na jambo hilo limenikera.

Wewe ulikuwa umeshahama, kwa hiyo hili hulijui. Kazi ya Teruo ilikuwa kuvaa zimwi: anaingia kwenye vazi la mpira, anapigwa na shujaa, analipuka, wiki inayofuata anavaa zimwi jingine. Mwaka aliozaliwa Mayumi wetu, wakati wa baridi, aliruka vibaya kwenye machimbo ya mawe walikokuwa wakipiga picha, goti likateguka. Kijana mwingine alikuwa anasubiri nafasi. Ukishaliacha vazi, hulipati tena, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Niliogopa sana, Chizuru. Teruo alijikaza, akichechemea na kudhani hakuna anayemwona.

Mzee Kurahashi alimwona. Akaleta hadithi ya zimwi lenye umbo la ile meza yetu fupi ya kupashia miguu joto, yenye hita chini na mfarishi juu yake. Limekaa tu katikati ya barabara. Mashujaa wakija kulishambulia, wanaingiza miguu chini ya mfarishi, wanamenya machenza, hamu ya vita inawaishia. Mwongozaji aliwaka.

"Zimwi lisilosimama, mzee? Watoto watalala."

"Watakaolala ni mashujaa. Wewe ukishakaa kwenye meza hiyo asubuhi ya baridi, nani anakutoa?"

"Mke wangu."

"Haya, basi mashujaa wataokolewa na mama zao. Umenisaidia."

Ikawa hivyo. Teruo alifanya kazi yote amekaa, na watoto wakaandika wakiomba zimwi lirudi. Likarudi, limekaa vilevile. Goti lilipopata nguvu ya kumbeba, nafasi ilikuwa bado yake, na kwa kazi hiyo tukamlea Mayumi.

Teruo alipokwenda kushukuru, mzee alimkatiza. "Usijipendekeze, Segawa. Nyumbani kwangu kuna baridi, basi."

Sasa mzee alipofariki, Teruo alisema haendi kwenye mkesha. Wenzake wangepiga magoti kwenye mikeka mbele ya marehemu, naye goti halikunjiki. "Nikanyooshe mguu mbele ya mzee kama mlevi? Siendi." Tuligombana, mwishowe nikamfunga tai mwenyewe.

Tulipofika, watu wote walikuwa wamepiga magoti. Mbele kabisa, karibu na jeneza, palikuwa na kiti kimoja kitupu. Tukadhani anasubiriwa mkubwa fulani. Mjane akaja, akamshika Teruo mkono.

"Ni chako, Bwana Segawa. Aliniagiza hospitalini. Alisema, 'Yule jeuri atakataa kuja kwa sababu ya goti. Mwekee kiti, karibu nami.'"

Teruo akakaa. Miaka yote ile alipigwa na kulipuka bila kulalamika, lakini pale alilia kwa sauti mbele za watu. Mimi nikainama mpaka kwenye mkeka, nikamwambia mzee ile asante aliyokataa kuisikia akiwa hai.

Msalimie shemeji Morio, wanao Tadashi na Lusia, na Bi Hatsue jirani yako. Mungu na wahenga wetu wakulinde, ule ushibe, ulale salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Fumie Segawa