Wifi Hataki Mbilingani Yangu ya Kuchoma Mbele ya Bakwe

Mama Suzanne wa redio,

Mi ni mama wa hapa hapa muji ya Baraka, kando ya ziwa, kila alhamisi saa ya kupika naweka redio karibu na mbabura, jiko yangu ya mkaa, nasikiliza namna unawachapa bantu na maneno, na nilikuwa nacheka tu, kumbe iko siku na mi itanifikia. Leo imefika. Nisaidie mama, na unijibu mbio, juu jumamosi ikipita jibu yako haitakuwa na kazi tena. Majina nimebadilisha yote, ya mbilingani tu njo niliacha.

Mambo ni hivi. Wakati ya vita, basoda balipoingia huku kwetu, tulikimbia mi na mama mukwe na batoto, bwana yangu Anatole alikuwa Ubwari, ng'ambo ya maji, kwa kuvua, hakuweza kurudia, tukapanda milima ya upande wa Fizi, sufuria tuliacha kwa moto na sombe ya majani ya muhogo ndani, na sijui nani aliikula ile sombe, Mungu amusamehe. Kule juu hakukuwa sufuria, hakukuwa mafuta, lakini mashamba ya bantu benye kukimbia ilikuwa na mbilingani na tomate na kitunguu inaoza bure, na mama mukwe hana meno ya nyuma, muhogo ya kuchoma ilikuwa inamushinda, alikuwa anatafuna anatema, anakonda nikiangalia, njo nikaanza kumuchomea mbilingani. Tena si kwa moto ya wazi, aka! Moshi ikipanda basoda banajua bantu bako wapi. Nilikuwa nafukia mbilingani ndani ya majivu ya moto, natoboatoboa na kijiti ili iive mbio, halafu natoa, nachubua, naponda na tomate na kitunguu juu ya jiwe, kama chumvi iko naweka, kama haiko tunakula hivyo. Mama alikuwa anakula analamba vidole, ananiambia, "Mutoto yangu, vita ikiisha utanipikia hii na mawese."

Vita ikatulia, tukashuka, Anatole tukamukuta muzima, nyumba haina bati lakini imesimama, na mi nasema asante kwa Mungu. Kiangazi hii bustani yangu ya pembeni ya muto imezaa mbilingani mpaka nagawia majirani, na kila wiki nachomea mama chakula yake, naweka mawese, nakamulia ndimu, tunaikula ya baridi na bugali na samaki ya mikeke, batoto banagombania kupangusa sahani, Anatole anavua shati anasema jua ya leo haina nguvu. Nakuambia ukweli, nilikuwa na furaha, sikuwa na neno na muntu.

Shida ilishuka na boti. Félicité, dada mukubwa ya Anatole, wifi yangu, vita yote alikuwa upande wa Kigoma na bwana yake, amerudia kiangazi hii. Si muntu mubaya! Aliniletea kitenge, na pale kwa boti alinikumbatia na nguvu mpaka tukaanguka ndani ya maji sisi wawili, bantu bakacheka, na sisi tukacheka. Lakini siku moja alifika kwangu saa ya midi, jua iko juu ya kichwa, akakuta nalisha mama ile mbilingani, akachota na kidole, akaweka mukinywa, jino ikakutana na muchanga ya majivu, kraa! Akatema chini. Akasema, "Wifi, mama yangu njo unamulisha majivu?" Mi sijafungua kinywa, mama akamujibu, "Muache. Hii njo iliniponesha." Félicité akachukua mukoba yake, akaenda bila kuaga.

Sasa sikia ya jumamosi. Divine, mutoto ya mwisho ya mama, anaolewa, bakwe banavuka na mutumbwi toka Ubwari kuleta mahari, na Félicité kwa kuwa ni mukubwa njo anagawa kazi ya kupika. Kwa familia yetu kila muke analeta bakuli yake ya kufunika, bakwe banafunua moja moja mbele ya bantu bote, banauliza "hii ni mukono ya nani?" na mwenyewe anasimama anapigiwa makofi. Mwingine kuku, mwingine sombe, mwingine samaki ndogo ya ndagala. Mi nikasema nitaleta mbilingani ya kuchoma, ya baridi, itafaa pembeni ya samaki na hii jua. Félicité akaniambia mbele ya bamama bote, "Ile ni chakula ya pori. Bakwe bakifunua bataona nini? Bataona vita. Ukiileta nitaimwangia bata baikule." Bamama bengine bakacheka. Haya ilinipanda mpaka kwa masikio. Akanipa kazi ya kuchemusha muchele, kazi ya batoto! Na mama mukwe aliposikia akasema kama mbilingani haiko, yeye atabaki kwake, Divine aolewe bila yeye. Divine analia. Anatole nikimuuliza anasema "hiyo ni mambo ya jikoni" na anaenda kwa nyavu zake.

Sasa mama Suzanne, nipeleke bakuli yangu na nguvu, ama nichemushe muchele ninyamaze? Nikipeleka nitaaibisha wifi mukubwa mbele ya bakwe, na siku ya furaha itageuka matusi. Nikiacha, mama hatakuja, yule mama tuliloa naye mvua moja chini ya karatasi moja ya plastiki. Na tena, nisikufiche, tangu ile siku ya muchanga, kila nikimuwekea mama mbilingani mukinywa naona kama kweli nilimulisha majivu ile miaka yote, na inaniuma.

Mi, Clarisse ya uongo, lakini machozi ni ya kweli.

*

Clarisse, mwanangu,

Pole, na hongera kwa bustani.

Unasema majina umebadilisha. Baraka hii? Mtumbwi wa bakwe kutoka Ubwari, bi harusi anayelia, wifi aliyetumbukia ziwani na mkoba wake siku ya kufika! Nilipofika katikati ya kuisoma barua yako hapa redioni, soko zima lilikuwa limekwisha kujua ni nyumba gani. Kwa hiyo tusijifiche, tuseme.

Tuanze na hilo linalokuuma. Acha ujinga, mama. Hukumlisha mtu majivu. Ulimlisha mzee asiye na meno, bila sufuria, bila chumvi, basoda wako bonde la pili, na mzee huyo leo anazo nguvu za kugoma asiende harusini. Majivu hayampi mtu kiburi cha namna hiyo! Yeye mwenyewe alisema mbele yako ilimponesha, na wewe umesikia kraa ya jino moja kuliko neno la mama yako. Nisisikie tena.

Lakini jino la wifi halikusema uongo. Hapa nitakugombeza na utulie. Kule mlimani ulifukia mbilingani majivuni ili moshi usipande, ukaitoboa ili iive mbio. Sawa, ilikuwa akili. Leo uko uani kwako, mwaka wa 2003, jirani anapiga kinanda cha kanisa, na bado unafukia, bado unatoboa! Unamficha nani moshi? Mbilingani uliyoitoboa na kuizika itameza majivu, hata apike malaika. Sikucheki. Mimi mwenyewe mpaka leo siwezi kulala kama viatu vyangu havielekei mlangoni, na mume wangu amechoka kunisema. Tulirudi nyumbani, mikono yetu bado iko njiani. Lakini viatu vyangu haviingii kinywani mwa mtu, Clarisse. Mbilingani yako inaingia.

Basi fanya hivi. Toa mbabura nje, katikati ya uani. Washa makala, mkaa mzuri mkavu, subiri moto ulale na makala yavae weupe. Weka juu ule wavu wa chuma mnaochomea mikeke, uusugue kwanza, usiniletee harufu ya samaki wa juzi. Panga mbilingani nzima, bila kutoboa, na vitunguu na maganda yake, na pilipili zile kubwa tamu kama unazo. Tomate ziweke mwisho, zinaiva haraka na zikipasuka maji yake yote yanakwenda kwa makala. Geuza pole pole mpaka ganda liwe jeusi kabisa na mbilingani ilegee kama mtoto aliyesinzia. Usiogope weusi, ni ganda tu. Halafu vyote ndani ya bakuli, funika, acha vitoe jasho, ganda litabanduka lenyewe. Chubua kwa mkono mkavu, na ole wako uoshe kwa maji, utamu wote utaenda na maji! Kata vipande vikubwa vikubwa, usiponde. Ya mama tu ndiyo uponde. Chumvi, ndimu, mawese kidogo ya kung'arisha, na pilipili kali kando, si wote wana tumbo la mvuvi. Acha kivulini ipoe. Hiyo ndiyo sahani ya kiangazi, na hakuna bata atakayeiona.

Na hayo maneno ya chakula ya pori, niachie nicheke. Watu wa Ubwari unadhani vita walipitisha hotelini? Wakifunua hiyo bakuli kuna mzee atakayeitambua kwa harufu, na ataomba ya kwake kabla ya kuku.

Sasa wifi. Hapo ndipo ulipokosea kusoma, mwanangu, ingawa umeandika mwenyewe kila kitu. Umesema alitema, akasema neno lake. Hilo neno la hasira angelimaliza pale pale, mngegombana mkacheka kama siku ya boti. Lakini mama yake akamwambia "hii njo iliniponesha", na hapo ndipo alipochukua mkoba akaondoka. Rudia kusoma barua yako. Majivu hayakumfukuza Félicité. Alifukuzwa na lile neno. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mtoto wa kwanza wa yule mama alikuwa ng'ambo ya ziwa akiuliza kila anayevuka, "Mama yangu umemwona? Anakula nini?" Amerudi na vitenge, amekuta mama ameponywa na mkono wa mwanamke mwingine, na chakula chenyewe yeye hakijui. Ungekuwa wewe, usingetema?

Félicité, najua unasikiliza, na najua umeinuka unataka kuzima redio. Kaa chini. Kumwambia mke wa ndugu yako mbele ya bamama kwamba utawamwagia bata jasho lake, hiyo ilikuwa ubaya, na wewe si mtu mbaya, amesema mwenyewe. Kukimbilia Kigoma si kosa. Hakuna aliyechagua njia siku ile, kila mtu alishika ile iliyokuwa wazi mbele yake. Mama yako hakukulaumu. Alikuwa anamtetea aliyemlisha, kama vile angekutetea wewe. Na kumpa mke wa Anatole mchele achemshe! Dada mkubwa hafanyi hivyo.

Clarisse, usifurahie sana, zamu yako inarudi. Mchele utachemsha. Umeagizwa na mkubwa, chemsha, na usiunguze makusudi. Bakuli kwa nguvu hupeleki, maana bakuli ya kulazimisha hata ikiwa tamu bakwe watakula matusi yenu. Kesho ijumaa asubuhi, kabla jua halijapanda, chukua mbilingani zilizo nzuri kuliko zote, na wavu, na makala yako mwenyewe, usiende mikono mitupu, uende kwa Félicité. Usianze na hotuba. Usiseme "nimekuja tusameheane", atafunga mlango. Sema, "Wifi, mama ana njaa, na mimi kuchoma kwa moto wa wazi nimesahau. Nisaidie." Ni kweli, wala huongopi. Washeni pale pale uani kwake. Atakugombeza kwamba makala ni mengi. Kubali. Atakuambia umegeuza haraka. Kubali. Tumeni mtu amlete mama, akae kwenye kiti karibu na moto aone binti zake wawili wamechafuka mikono. Jumamosi, bakwe wakiuliza ni mkono wa nani, simameni wote wawili, na Anatole apige makofi kwa nguvu, ndiyo faini yake kwa yale ya "mambo ya jikoni".

Lakini hiyo ya ijumaa, ya kwanza kutoka motoni, usiiguse. Félicité aichubue, aiponde, aweke chumvi anavyojua yeye, na mkono wake yeye ndio umlishe mama. Ikizidi chumvi, nyamaza. Mama akilia, au yeye akilia, usikimbilie kupangusa mtu machozi, geuza tomate zako. Miaka yote ile ulikuwa unamlishia mama yake. Sasa mwachie alishe.