Ng'ombe wa Mama

Kinampanda, Jumatano

Kaka Amosi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Itigi, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo, ila jua linatuchoma na alizeti imeanza kuinamisha vichwa. Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Kwenye simu huniachi nimalize, kaka, na haya inabidi uyapate yote kabla hujaja Jumamosi kumchukua Mama.

Ulisema mke wa marehemu ndugu yetu Hezekia amechoka kumuuguza mkwewe, kwamba vidonge anavitupa, ndiyo maana Mama amerudi kukakamaa. Maneno hayo yamemfikia Evodia. Hakulia mbele yangu, ila sasa kila anapompa Mama dawa ananiita nishuhudie. Imeniuma sana. Ndiye aliyemwogesha mama yetu tangu mikono ianze kutetemeka, na leo anatafuta shahidi kama mtu aliyeiba.

Sikufichi, hata mimi nilipoomba likizo hospitalini nilikuja na shaka. Nikakaa, nikatazama. Dawa anampa kwa saa zilezile alizopangiwa, akiwa shambani anaacha jembe anarudi. Ulipomwagiza amwongezee kidonge alikataa, akasema dozi hupangwa na daktari, si na shemeji. Ukamwita mkaidi. Mimi muuguzi nakwambia ushukuru ukaidi ule, maana dawa hii ikizidi mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, akaanza kuona watu wasiokuwepo.

Kilichonishtua ni kikombe. Unajua nyumbani kwetu mtoto akimletea mama yake ng'ombe, maziwa ya kwanza ya asubuhi ni ya mama, hayauzwi wala hayagawiwi. Tangu umlete yule ng'ombe baada ya mavuno, Mama hamezi kidonge mpaka kikombe kije. Anasema dawa ishuke na baraka ya mwanawe. Na nani hapa Kinampanda angemnyima mgonjwa maziwa?

Nilimpigia daktari wake. Akanieleza kwamba dawa ya ugonjwa huu wa kutetemeka haipatani na maziwa yakinywewa pamoja, kwa sababu vyakula vya kujenga mwili huizuia isiingie vizuri mwilini. Imezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, chakula kifuate baadaye. Dozi tusiiguse. Kumbe vidonge vilikuwa vinamezwa vyote, kaka, ila havifanyi kazi yake.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nilipomweleza Mama, hakushangaa. Alisema alishahisi zamani, maana asubuhi ambazo ndama amenyonya yote na kikombe hakikuja, mwili wake ulikuwa mwepesi. Akanyamaza. Aliona akisema, utaumia kusikia zawadi yako ndiyo inayomkaza viungo. Hata ulipomlaumu Evodia alinyamaza, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi, kwamba alimwacha mkwewe abebe lawama ili wewe usiumie. Amenikataza kabisa nisikwambie. Sijawahi kumkaidi mama yetu, lakini katika hili nimemkaidi.

Tangu Jumapili dawa inashuka kwa maji, na maziwa yanasubiri zamu yake. Kupona hatapona, ugonjwa huu hauponi, nisikudanganye. Ila leo asubuhi ameinuka mwenyewe, akaenda polepole hadi zizini, akampapasa ng'ombe wako kwa mkono ule ule unaotetemeka. Evodia alikuwa nyuma yake, hatua moja, bila kumshika.

Basi Jumamosi njoo, lakini usije na gari la kumchukua. Msifie ng'ombe mbele ya Mama, mwache aamini hujui kitu. Kisha ingia jikoni peke yako, ukamwombe Evodia radhi. Usinitume mimi.

Wasalimie wote hapo kwako, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Mama yuko hapa kando yangu, anadhani nakuandikia habari za alizeti. Anasema nikusalimu sana, na nikwambie maziwa ni matamu.

Mdogo wako,
Elina